Kumdai Mungu kwa Neno Lake: Johannesburg na Sala ya Juni 1985

Jumapili ya tarehe 16 Juni 1985 ilitimia miaka tisa tangu polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto. Makanisa mengi ya Afrika Kusini yalikuwa na desturi ya kuikumbuka siku hiyo kwa ibada, lakini mwaka huo ibada ilibeba jambo jipya. Baraza la Makanisa la Afrika Kusini, ambalo makao yake yalikuwa katika jengo la Khotso House katikati ya Johannesburg, liliwaita Wakristo waombe utawala dhalimu ukome. Mwito huo uliandamana na waraka wa kiteolojia uliotayarishwa kwa mchango mkubwa wa baraza la makanisa la eneo la Cape Town. Waraka haukuishia kuomba amani, wala kuomba wakubwa walainike mioyo. Ulimsihi Mungu awaondoe madarakani watawala walioshikilia kuvunja amri zake, na badala yao awape wananchi viongozi waadilifu.

Siku mbili tu kabla ya Jumapili hiyo, majeshi ya Afrika Kusini yalikuwa yameingia Gaborone, mji mkuu wa Botswana, usiku na kuwaua watu 12. Mwezi Machi polisi walikuwa wamewapiga risasi waandamanaji waliokuwa wakielekea mazishini huko Uitenhage. Hata hivyo, kilichozua mjadala mkali magazetini, bungeni na ndani ya makanisa yenyewe kilikuwa ni sala. Baadhi ya viongozi wa makanisa wanachama wa Baraza hilo hilo walijitenga na maneno ya waraka. Mwaka uliofuata Allan Boesak na Charles Villa-Vicencio walihariri kitabu kizima kuhusu mwito huo na tafrani iliyoufuata. Nchi iliyokuwa imezoea kusikia habari za mauaji ilishtushwa na ombi lililoelekezwa mbinguni. Mshtuko huo unahitaji kuelezwa, kwa sababu unafichua swali ambalo Ukristo umekuwa nalo tangu mwanzo: binadamu anaweza kumdai Mungu kiasi gani, na kwa hati gani?

Maandiko yenyewe hayana haya katika jambo hili. Katika Mwanzo 18, Ibrahimu anajadiliana na Mungu juu ya Sodoma kama mtu anayepatana bei sokoni, akishuka kutoka hamsini hadi kumi. Katika Kutoka 32, Musa anamkumbusha Mungu kiapo alichowaapia mababu na kumtaka ageuke kutoka katika hasira yake. Isaya 62 inawaweka walinzi juu ya kuta za Yerusalemu, na kazi yao ni kumsumbua Mungu bila kumpa nafasi ya kupumzika mpaka atende alichoahidi. Yesu, katika Luka 18, anamtoa mjane mwenye kung'ang'ania haki yake mbele ya kadhi mbaya kuwa kielelezo cha mwenye kusali. Nao Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, unawaalika waumini kukaribia kiti cha neema kwa ujasiri.

Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo kuwa ujasiri ni parresia, na asili yake haikuwa hekaluni. Lilikuwa neno la siasa za miji ya Ugiriki: haki ya raia huru kusimama mbele ya baraza la mji na kusema yote aliyo nayo moyoni. Mtumwa hakuwa nayo, wala mgeni. Waandishi wa Agano Jipya walilichukua neno hilo la raia na kulikabidhi kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na uraia wowote wa maana katika dola ya Kirumi. Nchini Afrika Kusini mwaka 1985 maana hiyo ya kale ilirudi kuwa hai. Katiba ya mwaka 1983 ilikuwa imeunda bunge lenye mabaraza matatu, moja la Wazungu, moja la watu walioitwa machotara na moja la Wahindi. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, hawakupewa hata kiti kimoja. Watu walionyimwa baraza la kusemea duniani walipewa na Waraka kwa Waebrania baraza jingine, na siku hiyo ya Juni walilitumia.

Hata hivyo, wenye mamlaka nao walikuwa watu wa kusali, tena kwa ujasiri. Utangulizi wa katiba hiyo hiyo ulianza kwa kujinyenyekeza kwa Mungu Mwenyezi. Na nyuma ya utangulizi huo palikuwa na sala ya zamani zaidi. Mnamo Desemba 1838, baada ya mtawala wa Wazulu, Dingane, kumuua kiongozi wao Piet Retief na wenzake, kundi la Makaburu waliokuwa wakihama na magari ya ng'ombe liliweka nadhiri. Kwa mujibu wa kumbukumbu zao, Sarel Cilliers ndiye aliyewaongoza: Mungu akiwapa ushindi, wao na watoto wao wataiheshimu siku hiyo kama Sabato, na watajenga nyumba kwa ajili yake. Tarehe 16 Desemba, kando ya mto Ncome, takriban Wazulu 3,000 waliuawa. Upande wa Makaburu hakufa hata mmoja.

Nadhiri hiyo ilikuwa na mizizi katika Biblia. Waliiweka kwa mfano wa Israeli jangwani, wakijiona taifa lililotolewa utumwani na kuongozwa kwenye nchi ya ahadi. Kanisa walilonadhiri lilijengwa Pietermaritzburg. Tangu mwaka 1910 siku hiyo ikawa sikukuu ya taifa, na tarehe 16 Desemba 1949 ulizinduliwa mnara mkubwa wa ukumbusho nje ya Pretoria, uliojengwa kwa namna kwamba saa sita mchana wa siku hiyo, mwanga wa jua hupenya darini na kuangukia jiwe la ukumbusho lililo chini. Na pale mantiki ya agano ilipohitaji kuelezwa kwa lugha ya kitaalamu, Kanisa la Kireformati la Kiholanzi lilifanya hivyo: tamko lake la mwaka 1974 juu ya mataifa na mbari liliitafuta hoja ya kuwatenganisha watu katika mnara wa Babeli wa Mwanzo 11 na katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume.

Basi ujasiri peke yake haukuweza kuwa kipimo, wala kutaja aya. Pande zote mbili zilikuwa na aya, na pande zote mbili zilipiga magoti bila woga. Mtu aliyeishi ndani ya mgongano huo kuliko wengi alikuwa Beyers Naudé, ambaye mwaka 1985 ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa Baraza la Makanisa. Baba yake alikuwa miongoni mwa waasisi wa Broederbond, chama cha siri cha Makaburu, na yeye mwenyewe alikuwa mwanachama. Alikuwa mchungaji anayeheshimiwa na msimamizi katika kanisa lake. Mauaji ya Sharpeville ya Machi 1960, na mkutano wa makanisa uliofanyika Cottesloe, Johannesburg, mwezi Desemba mwaka huo, vilimlazimisha kuyasoma upya Maandiko aliyoyahubiri maisha yake yote. Septemba 1963 aliuaga usharika wake wa Aasvoëlkop jijini Johannesburg kwa mahubiri juu ya Matendo 5:29, aya inayoweka utii kwa Mungu juu ya utii kwa wanadamu. Mwaka 1977 serikali ikamwekea amri ya kumfungia shughuli zote za hadharani, nayo ilidumu miaka saba.

Frank Chikane, aliyemrithi Naudé katika ukatibu mkuu mwaka 1987, alitoka katika mila nyingine ya ujasiri. Alikuwa mchungaji wa Apostolic Faith Mission, kanisa la Kipentekoste lililoota mizizi Johannesburg mwaka 1908, wakati wamisionari wa Kimarekani John G. Lake na Thomas Hezmalhalch walipoanza mikutano ya uponyaji huko Doornfontein. Mikutano ile ya mwanzo iliwachanganya weusi na weupe, lakini haukupita muda mrefu kabla kanisa hilo nalo kugawanyika kwa rangi. Ndani yake watu walifundishwa kuishika ahadi ya Mungu na kutoiachia mpaka mgonjwa ainuke. Chikane aliuchukua ujasiri huo wa kuombea mwili na kuuelekeza kwenye nchi, na mwaka 1981 kanisa lake likamsimamisha kazi kwa kujihusisha na siasa. Amesimulia kwamba mmoja wa maofisa waliosimamia mateso yake kizuizini alikuwa shemasi wa kanisa hilo hilo. Mtesaji na mteswa walikuwa wamejifunza kusali kwa pumzi moja.

Pamoja na hayo, waliopinga mwito wa Juni 1985 hawakuwa wote watetezi wa ubaguzi wa rangi. Wengi waliuchukia. Hoja yao ilitoka katika Warumi 13, ambapo Paulo anafundisha kuwa mamlaka imewekwa na Mungu, na katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, unaoagiza sala kwa ajili ya wafalme. Walihofu kwamba sala inayoomba mtawala aondolewe inamgeuza Mungu kuwa mwanachama wa upande mmoja, na kwamba kesho upande wa pili utaomba kinyume chake. Hofu hiyo ilikuwa na uzito, hasa katika nchi ambayo tayari ilikuwa imejengewa mnara mkubwa kwa nadhiri ya upande mmoja.

Waandishi wa waraka hawakuipuuza hofu hiyo, na jibu lao lipo katika mpangilio wa hoja zao. Kanisa, walisema, lilikuwa limewaombea watawala kama Maandiko yanavyoagiza. Lilikuwa limezungumza nao ana kwa ana. Lilikuwa limetangaza kwamba ubaguzi unapingana na mapenzi ya Mungu, na baadhi ya makanisa yalikuwa yameuita utetezi wake wa kiteolojia kuwa ni uzushi. Ombi la kuondolewa lilikuja mwisho, baada ya njia nyingine kujaribiwa. Walikumbusha pia kwamba hawakuwa wakibuni dini mpya. John Calvin, baba wa makanisa yale yale ya Kireformati yaliyoitegemeza serikali, alifundisha kumwendea Mungu kwa msingi wa ahadi zake, na alihitimisha kitabu chake kikuu kwa kueleza jinsi Mungu anavyowavunja wafalme jeuri.

Katika safari hiyo ndefu kabla ya sala, kituo kimoja kilikuwa Afrika Mashariki. Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, wa kwanza barani Afrika, na huko likatangaza kwamba suala la ubaguzi wa rangi kanisani linagusa kiini cha imani, si maoni tu ya kisiasa. Mkutano huo huo ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Mwaka 1982, huko Ottawa, muungano wa makanisa ya Kireformati duniani uliita utetezi wa kiteolojia wa ubaguzi kuwa uzushi. Sala ya Johannesburg ilisimama juu ya ngazi hizo. Kwa hiyo ujasiri wake ulikuwa wa watu waliokwisha kuhesabu gharama mbele ya mashahidi wengi.

Serikali haikungoja ijulikane kama mbingu zimesikia. Tarehe 20 Julai 1985, P. W. Botha alitangaza hali ya hatari katika wilaya 36, na maelfu wakawekwa kizuizini. Wakati huo huo, kundi la wachungaji na wanateolojia waliokuwa wakikutana Soweto chini ya mwavuli wa taasisi ya teolojia iliyoongozwa na Chikane lilikuwa likiandika. Mwezi Septemba ukatoka Waraka wa Kairos, ukiwa na majina ya zaidi ya watu 150. Huo uliichambua Warumi 13 kwa kuuliza Paulo aliwaandikia akina nani na kwa nini, na kukataa kwamba aliipa kila serikali ya kila zama hati ya Mungu. Uliweka kando yake sura ya 13 ya Ufunuo, ambapo dola hiyo hiyo ya Kirumi inaonekana kama mnyama. Kisha ukamshambulia mungu anayetajwa katika utangulizi wa katiba, ukimwita sanamu. Maneno yake makali kuliko yote, hata hivyo, yaliyahusu makanisa yanayohubiri upatanisho bila kugusa dhuluma. Waandishi walijua kwamba makanisa hayo yalikuwa yao wenyewe.

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1988, bomu kubwa liliiharibu Khotso House. Jina la jengo hilo kwa Kisotho lina maana ya nyumba ya amani. Miaka iliyofuata ilidhihirika mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano kwamba bomu lilitegwa na polisi, na aliyekuwa waziri wa sheria na usalama, Adriaan Vlok, alikiri kuhusika kwake. Mwaka 1989 Chikane alinusurika kufa baada ya nguo zake kupakwa sumu. Serikali iliyokuwa imedai kwamba sala ile ni siasa tupu iliijibu kama mtu anayejibu silaha.

Je, sala ilijibiwa? Botha alijiuzulu Agosti 1989. Tarehe 2 Februari 1990 vyama vilivyopigwa marufuku vilifunguliwa, na tarehe 27 Aprili 1994 Waafrika Kusini wote walipiga kura. Mwanahistoria ataorodhesha sababu nyingine: migomo, vikwazo vya uchumi, vita vya Angola, kwisha kwa Vita Baridi, ukaidi wa vitongoji. Muumini hana haja ya kuzifuta sababu hizo ili aseme amina. Lakini wala kutimia kwa ombi hakuthibitishi uhalali wake. Makaburu wa Ncome nao walipewa walichoomba, na kwa zaidi ya karne moja waliuchukulia ushindi huo kama sahihi ya Mungu chini ya kila sheria waliyoitunga.

Tofauti kati ya sala hizi mbili lazima itafutwe mahali pengine, na dalili yake ya kwanza ilionekana Agosti 2006. Vlok, aliyekuwa waziri, alikwenda katika ofisi ya Chikane katika majengo ya serikali mjini Pretoria, akakiri kwamba amemkosea Mungu na kumkosea yeye, na akaomba aruhusiwe kumwosha miguu. Chikane aliruhusu. Wengi waliguswa na wengi waliona ni maonyesho, na mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu Vlok kifungo cha miaka 10 kilichoahirishwa kwa jaribio la kumuua mtu huyo huyo. Kwa vyovyote, waliokuwa wameomba aondolewe madarakani hawakuwa wameomba aangamizwe. Sala yao ilikuwa imeacha mlango ambao aliyeondolewa angeweza kurudi kupitia, akiwa na beseni mkononi.

Dalili ya pili ni nzito zaidi. Tarehe 18 Mei 2017, Baraza la Makanisa lilikutana katika kanisa la Regina Mundi, Soweto, mahali ambapo wanafunzi waliokuwa wakiwakimbia polisi walijificha mwaka 1976. Safari hii mshtakiwa alikuwa serikali ya chama cha ukombozi chini ya Jacob Zuma. Askofu Malusi Mpumlwana, katibu mkuu, alieleza yale ambayo jopo la Baraza lilikuwa limeyasikia kutoka kwa watu waliokuja kutua mizigo yao kuhusu jinsi taasisi za nchi zilivyotekwa kwa maslahi ya wachache, na akasema serikali imepoteza uhalali wake wa kimaadili. Viongozi walioshtakiwa walikuwa wametoka katika mapambano yale yale ambayo Khotso House ililipuliwa kwa kuyahifadhi. Ombi la mwaka 1985 liliomba viongozi wenye haki, halikutaja chama. Waliobaki waaminifu kwalo walilazimika kulirudia dhidi ya wenzao.

Nadhiri ya mwaka 1838 haikuweza kufanya hivyo. Ilipogeuzwa kuwa sikukuu ya taifa, iliwadai watoto wa walioiweka waitunze siku, lakini haikuachiwa kuuliza wanawatendea nini majirani zao. Aliyeuliza, kama Naudé, alifukuzwa nje ya duara. Kwa kipimo hicho, sala ya ujasiri iliyojengwa juu ya Maandiko hutambulikana kwa jambo moja: neno lile linalotumika kumdai Mungu lazima liwe na ruhusa ya kumdai pia anayesali.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulitafakari hilo. Mwaka 1897, katika shule ya misheni ya Kimethodisti kando ya Johannesburg, mwalimu na kiongozi wa kwaya aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo wa kuliombea bara baraka. Alifariki mwaka 1905 na kuzikwa katika makaburi ya Braamfontein, na kaburi lake lilisahaulika hadi lilipotambuliwa na kutangazwa kuwa la kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Kwa Kiswahili sala yake imekuwa, tangu Desemba 1961, wimbo wa taifa wa Tanganyika na kisha wa Tanzania, nayo huwaombea baraka viongozi pamoja na watu wao. Huimbwa kila mahali penye hafla ya serikali, viongozi wakiwa wamesimama wima mstari wa mbele. Ni ombi la upole, nalo halimwombi Mungu amwondoe mtu yeyote. Lakini lilitungwa katika mji ambako, chini ya karne moja baadaye, watu waliolikuza vinywani mwao waligundua kwamba kumwombea kiongozi baraka na kumwombea aondoke kunaweza kutoka katika kitabu kimoja, na kwamba anayeimba la kwanza kwa dhati lazima awe tayari, siku ikifika, kuliomba la pili.